Injini ya rotari haifi hovyo, inauawa gereji

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua niseme na mafundi wenzangu wa Tabora na Kigoma, pamoja na wenye magari wanaotuamini, kuhusu injini moja ambayo huku kwetu imeshahukumiwa bila kusikilizwa: injini ya rotari ya Mazda. Gari zenye injini hiyo, Mazda RX-8, zinazoshushwa bandarini Dar es Salaam kutoka Japan ni chache mno ukizilinganisha na Vitz na IST, na zinazofika huku ni chache zaidi. Lakini zinafika. Na ikifika gereji ya kwanza, mwenye gari huambiwa maneno yale yale: inakula oili, ringi zimekwisha, kompresheni haina, tafuta injini nyingine ufunge.

Injini hiyo haina ringi za pistoni. Kula oili ndivyo ilivyoundwa. Na kompresheni hiyo, yaani nguvu ya injini ya kubana hewa, imepimwa kwa geji isiyoweza kuipima. Hukumu nzima imesimama juu ya vipimo vya injini nyingine.

Ndani yake hakuna pistoni, valvu, kamshafti wala silinda hedi. Kuna rota mbili za pembe tatu, kila moja ndani ya nyumba yenye umbo la yai lililobanwa kidogo kiunoni. Rota ikizunguka mara moja, shafti inayopeleka nguvu kwenye giaboksi inazunguka mara tatu. Mshale ukisoma mizunguko 9,000 kwa dakika, rota yenyewe iko kwenye 3,000 tu. Kwenye kila ncha ya rota kuna sili, kipande chembamba cha chuma chenye unene wa milimita 2, kinachosukumwa na springi pamoja na shinikizo la moto ili kigandamie ukuta. Hiyo sili ya ncha ndiyo inayofanya kazi ya ringi. Inasugua ukuta muda wote, na tofauti na pistoni hakuna kranki inayoirushia oili kutoka chini. Kwa hiyo Mazda waliweka pampu ndogo ya kupimia oili. Inachota oili kwenye sampu, bakuli la oili lililo chini ya injini, na kuipeleka kwa vimirija vyembamba hadi ndani ya chumba cha kuungulia, matone kwa matone, ilainishe kisha iungue pamoja na petroli.

Wazo la injini ya rotari si jipya wala si la majaribio. Injini ya kwanza ya Felix Wankel iliwaka kwenye kampuni ya NSU ya Ujerumani mwaka 1957. NSU waliitoa kwenye Ro 80 mwaka 1967, na sili za ncha zikawatia hasara kubwa ya madai ya garantii. Mwaka huo huo Mazda walitoa Cosmo Sport, baada ya kuhangaika na mikwaruzo ya ukutani ambayo wahandisi wao waliiita makucha ya shetani. Waliishinda kwa kubadili malighafi na umbo la sili. Mwaka 1991 gari lao la 787B, lenye rota nne, likashinda mbio za saa 24 za Le Mans kule Ufaransa. Injini inayoweza kukimbia mchana na usiku mbio kama zile haiwezi kushindwa kutoka Ipuli kwenda Kanyenye hapa Tabora, ila kama kuna kitu tunakikosea.

Kabla ya oili, niseme moja kuhusu namba 1,308 inayosomeka kwenye kadi. Wanunuzi wengi wanaitazama wakidhani wamepata gari ya lita 1.3 yenye sura ya gari la mashindano. Hesabu yake ni nyingine. Injini ya pistoni yenye cc 1,308 huvuta ujazo huo wote katika mizunguko miwili ya kranki. Rotari huuvuta katika mzunguko mmoja wa shafti. Kwa hewa na petroli inayomeza, mfikirie jirani yake kuwa injini ya cc 2,600. Ukipata kilomita 6 hadi 8 kwa lita mjini, gari haina ugonjwa wa mafuta. Usimruhusu mtu akusafishie nozeli na kukubadilishia pampu ya petroli kwa sababu hiyo.

Sasa oili. Hapa ndipo injini nyingi zinapouawa, tena na fundi mwenye nia njema.

Lita moja kuondoka kati ya kilomita 1,500 na 3,000, kutegemea mguu wa dereva, ni hali ya kawaida. Fundi aliyelelewa na Toyota akisikia hivyo anatafuta inakovujia, anakuta vimirija vya pampu ya kupimia oili, anaviziba au anaifunga pampu kabisa. Mwenye gari anafurahi: oili haipungui tena. Wiki chache zinapita gari linasifiwa. Wakati huo sili za ncha zinasugua ukuta mkavu, zinalika, springi zinalegea, na ukuta wenye kromu unaanza kuchubuka. Siku gari linapogoma kuwaka likiwa la moto, wa kulaumiwa anakuwa Mjapani.

Vimirija hivyo ni vya plastiki, na RX-8 ya mwisho ilitoka kiwandani mwaka 2012. Plastiki ya umri huo, iliyokaa kando ya injini yenye joto kali, huvunjika kwa kuguswa tu. Anayefungua manifoldi ya hewa, mabomba yanayoingiza hewa kwenye injini, avishike kama nyuzi za buibui, avikague kimoja kimoja, na kilichopasuka kibadilishwe, kisizibwe. Vali ndogo kwenye mdomo wa kila kimirija nazo huziba kwa masizi. Ukipuliza kwa mdomo kuelekea upande wa injini ipite, ukivuta isirudi. Isipofanya hivyo ioshe, na ikikataa weka mpya.

Kumwaga oili nako kuna mtego wake. Kitabu kinasema ukibadili na filta, kinachoingia ni lita 3.5 hivi, ingawa injini nzima inabeba zaidi. Nyingine inabaki ndani ya rejeta za oili zilizo mbele (baadhi ya gari zina mbili, nyingine moja) na kwenye mabomba yake, haitoki kwa kufungua nati ya sampu. Sasa fundi aliyezoea kufungua galoni ya lita 4 au 5 na kuimimina yote anaijaza kupita kiasi. Oili inapanda kwenye njia ya kupumulia, inaingia kwenye bomba la hewa, gari linatoa moshi wa buluu. Hapo tena wanasema ringi. Mimina lita 3, washa dakika moja, zima, subiri dakika 5 mahali tambarare, chomoa stiki, kisha ongeza kidogo kidogo. Na kwa kuwa sehemu ya oili chafu hubaki ndani kila mara, usisubiri kilomita 10,000. Badili kila 5,000. Kwa vumbi letu la kiangazi wala sioni sababu ya kubishana juu ya hilo.

Aina ya oili ina ubishi mwingi. Vitabu vya gari za Ulaya vimeandika 5W-30. Kwa joto la Tabora la Septemba na Oktoba nachagua 10W-40, na sijioni kama nimevunja amri. Kubwa kuliko namba ni kwamba stiki ichomolewe kila unapojaza petroli mara ya pili. Usitegemee mshale wa presha ya oili kwenye dashibodi za RX-8 za mwanzo. Ule husogea kama swichi tu, ipo au haipo, na unakaa katikati huku sampu ikikauka.

Kuna njia ya kuisaidia pampu, na hapa ndugu zetu wa Kigoma wametuzidi: kuchanganya oili kidogo kwenye tanki la petroli. Ninayoisema ni oili inayotengenezwa kuungua na petroli, ile ya injini za boti zinazochanganyiwa. Ukienda Kibirizi au Ujiji, inauzwa kwa ajili ya mitumbwi ya wavuvi. Lakini kipimo cha mvuvi kisihamishiwe kwenye gari. Mvuvi huchanganya moja kwa hamsini. Ukifanya hivyo kwenye RX-8 utapaka plagi masizi na kujaza kaboni kwenye rota. Pampu ya kupimia ikiwa nzima, mililita 5 kwa kila lita ya petroli zinatosha. Tanki la lita 60 likiwa tupu linahitaji mililita 300, haifiki chupa ya soda ya 350. Mimina oili kwanza, petroli ifuate, ijichanganye yenyewe. Kama gari limekufikia pampu imeshazibwa na bado hujapata vipuri, panda hadi mililita 8 au 10 kwa lita, na usikose hata mara moja.

Mtu atauliza: kama oili inaungua tu, kwa nini nisimimine ile ile ya injini kwenye tanki? Kwa sababu haikutengenezwa kuungua safi, inaacha majivu. Mbona pampu inachota hiyo hiyo kutoka kwenye sampu? Ni kweli, na huo ni muafaka waliofanya Mazda ili dereva asilazimike kubeba oili za aina mbili. Kasoro ndogo iliyo pale haihitaji kuongezwa nyingine juu yake.

Jambo moja la kufunga suala la oili. Ukifungua mfuniko wa kujazia ukakuta utando mweupe kama mayonezi, usikimbilie kusema gesketi ya hedi imeungua. Hedi haipo. Shingo ya kujazia ni ndefu na iko mbali na joto, hivyo mvuke huganda humo, hasa asubuhi za Juni na Julai na kwa gari linalotembezwa safari fupifupi. Futa kwa kitambaa, kisha tazama stiki: oili ya kwenye stiki ikiwa safi, hakuna maji yaliyoingia.

Kwenye moto wa plagi ndiko uchumi wa uongo unakofanyika. Kila rota ina plagi mbili, moja juu na moja chini, jumla nne, na koili nne za kuzipa umeme wa cheche. Plagi za juu na za chini si za aina moja. NGK, watengenezaji wa plagi, wameziandika RE9B-T kwa ya juu na RE7C-L kwa ya chini, na zikibadilishana nafasi injini haitakusamehe. Ni plagi ghali, zina umbo lake, na hakuna ya Corolla inayokaa pale. Ukiinua gari na kutoa gurudumu la mbele kushoto utazifikia bila kuteseka. Usizipeleke zaidi ya kilomita 50,000. Kwa safari fupi za mjini, 30,000 ni busara.

Koili zimefungwa chini ya manifoldi ya hewa, zinapikwa na joto na kuchoka mapema kuliko unavyodhani. Haifi ghafla. Inaanza kwa kumisi ukiwa gia ya juu na mshale uko chini, harufu ya petroli mbichi kwenye ekzosi, taa ya injini ikipepesa. Wengi huendelea kuendesha kwa kuwa gari bado linatembea. Kinachotokea ndani ni hiki: petroli ambayo haikuwashwa inakwenda kuungulia kwenye masega ya kusafisha moshi yaliyo ndani ya ekzosi, yanayeyuka na kuziba, moshi unakosa njia na joto linarudi nyuma. Kwenye RX-8 matundu ya kutolea moshi yako ubavuni mwa nyumba ya rota, hivyo joto hilo linaziangukia sili za ubavu na za kona pamoja na springi zake. Koili moja iliyopuuzwa miezi mitatu inaweza kuondoka na injini nzima. Badili zote nne pamoja, na waya zake. Kisha yafungue masega uyatazame kwa tochi: mwanga usipopita sawasawa kwenye matundu yote, hayo hayafai kurudishwa.

Mafundi tunapenda kupuuza filta ya hewa. Barabara zetu za pembeni, ukitoka tu kwenye lami, zina vumbi jekundu laini kama unga, na vumbi hilo likichanganyika na oili ni msasa kwenye sili. Kagua kila mwezi wakati wa kiangazi. Imetosha.

Tatizo linalowakera wenye gari kuliko yote ni kufurika petroli, nalo huanza kwa kitendo kidogo sana. Gari limelala uani. Asubuhi mtu analiwasha ili lisogezwe hatua kumi, geti lifunguke au lioshwe, kisha analizima. Injini ilikuwa ya baridi, kompyuta ilikuwa inamimina petroli nyingi ili kuipasha, na petroli hiyo haikupata muda wa kuungua. Imebaki ndani, imeziosha sili oili yake na kuzilowesha plagi. Baadaye ukiwasha, stata inazunguka kwa mlio mwepesi kuliko kawaida, kama injini imefunguliwa plagi, na haishiki. Mlio huo ukishauzoea huwezi kuukosea. Kila unapoendelea kujaribu unaongeza petroli.

Acha. Kanyaga pedali ya petroli hadi mwisho, ibaki pale, kisha zungusha stata kwa sekunde zisizozidi 10. Pedali ikiwa chini kabisa, kompyuta hukata petroli na hewa inakausha vyumba. Pumzisha stata dakika moja au mbili, rudia mara tatu. Ikikataa, chomoa fyuzi ya pampu ya petroli, toa plagi za chini, zikaushe, zungusha stata sekunde 5 hadi 10 matundu yakiwa wazi. Jiweke mbali na petroli itakayorushwa nje, na asiwepo mwenye sigara karibu. Halafu ingiza oili safi ya injini mililita 5 hadi 10 kwenye kila tundu kwa bomba la sindano, ili sili zipate utando wa kushikia ukuta. Rudisha plagi, rudisha fyuzi, washa. Itatoa moshi mzito mweupe wa buluu kwa dakika kadhaa. Majirani watakuja kutazama, usiogope. Betri iwe imejaa, kwa sababu stata ikizunguka polepole rotari haiwaki. Stata za RX-8 za mwanzo zilikuwa dhaifu, na Mazda wenyewe baadaye walileta yenye nguvu zaidi. Kinga yake ni rahisi: ukiiwasha ya baridi, iache iwake hadi mshale wa joto utulie katikati ndipo uizime, hata kama ulitaka kulisogeza tu. Kusogeza hatua kumi, sukumeni.

Na ikishapata joto, ikanyage. Dereva anayeionea huruma na kuitembeza siku zote kwenye mzunguko wa 2,000 anaipalilia kaboni, na kaboni inazikwamisha sili kwenye mifereji yake. Safari ya kwenda Urambo au Nguruka ni tiba nzuri kuliko dawa za chupa zinazouzwa madukani, maana barabara imenyooka na injini inapata nafasi ya kuzungumza.

Lakini barabara hiyo hiyo ndiyo inayoua kwa joto. Injini hii imepangwa kama mkate wenye nyama katikati: sahani za chuma cha kuyeyusha, nyumba za rota za aluminiamu, zote zikibanwa na boliti ndefu zinazopenya mwanzo hadi mwisho. Aluminiamu hutanuka kuliko chuma. Ikichemka mara moja sawasawa, sili za mpira zinazozuia maji kati ya sahani zinaungua, na hakuna namna ya kuzibadili bila kuifungua injini yote. Mshale wa joto wa RX-8 una ulegevu wa hatari: unakaa katikati kwa muda mrefu, na ukianza kupanda ujue umechelewa. Chupa ya plastiki ya maji ya rejeta hupasuka kwenye mshono kwa uzee. Ukiona chumvi nyeupe imekauka pembeni yake, inunue kabla ya safari. Tumia kulanti, maji maalumu ya kupozea injini, si maji ya bombani. Hakikisha feni zote mbili zinawaka. Mapovu yanayopanda kwenye chupa injini ikiunguruma bila kukanyagwa, pamoja na maji kupungua bila kuvuja chini, maana yake sili ya maji imekwenda.

Nimekuja kwenye kipimo chenyewe, na ndicho kilichonifanya nikuandikie, Mhariri.

Geji ya kawaida ya kompresheni ina vali inayoshikilia namba kubwa kuliko zote iliyopita. Kwenye silinda ya pistoni hilo ni sawa, chumba ni kimoja. Mbele ya tundu moja la plagi ya rotari hupita vyumba vitatu, kwa kuwa rota ina pande tatu. Upande mmoja ukiwa umekufa kabisa na miwili mizima, geji itakuonyesha ule mzima na kunyamaza. Kinyume chake pia hutokea: injini yote nzima inahukumiwa kwa kuwa namba ni ndogo kuliko ya Toyota. Fundi aliyezoea kuona PSI (kipimo cha shinikizo) 170 na kitu akiona 105, anafunga boneti.

Mazda wameandika kwa injini ya RX-8 kilo 8.5 kwa sentimita ya mraba kuwa ndiyo nzima, na 6.9 kuwa mwisho wa kuvumilia, stata ikizunguka mara 250 kwa dakika. Kwa PSI hiyo ni kama 121 na 98. Tofauti kati ya pande tatu za rota moja isizidi kilo 1.5, na kati ya rota na rota isizidi 1.0. Namba hizo ni za usawa wa bahari. Tabora iko mita 1,200 hivi juu, na hewa yetu ina shinikizo la takribani asilimia 87 ya lile la Dar es Salaam. Kwa hiyo injini mpya kabisa, ikipimwa hapa, itasoma kilo 7.4 tu, ambayo ni PSI 105 ile ile inayofungiwa boneti, na mwisho wa kuvumilia unashuka hadi 6.0. Kigoma, kwenye ufuko wa ziwa, zidisha kwa 0.91: nzima 7.7, mwisho 6.3. Asiyefanya hesabu hii atazika injini hai.

Kama kipima cha rotari chenyewe hakipo, geji ya kawaida bado ina msaada. Pasha injini hadi joto la kazi, chomoa fyuzi ya pampu ya petroli na waya za koili, funga geji kwenye tundu la plagi, bonyeza kitufe chake cha kuachia hewa usikiachie, mwenzako akanyage pedali yote na kuzungusha stata. Mshale utaruka. Tazama miruko mitatu mitatu: ikilingana, rota hiyo iko sawa pande zote, ukiona miwili mirefu na mmoja mfupi, kuna sili iliyovunjika au iliyokwama. Sikio pia linasikia: puf puf puf yenye mapigo sawa, au puf puf kisha pengo. Hupati namba ya kuandika kwenye karatasi, ila unapata ukweli, tena kwa geji uliyonayo kabatini.

Ikithibitika imekufa kweli, ifunguliwe na mtu mwenye mikromita, si mwenye nyundo. Injini ya rota mbili inahitaji sili 6 za ncha, 12 za kona, 12 za ubavu, ringi 8 za oili, na sili zote za maji. Nafasi kati ya sili ya ubavu na ya kona iwe milimita 0.05 hadi 0.15, ipatikane kwa kusugua sili moja moja kwa mawe. Mchezo wa shafti mbele na nyuma uwe 0.04 hadi 0.07. Sili za maji zishikwe na vaselini kwenye mifereji yake zisidondoke wakati wa kupanga, wala usipake gundi ya gesketi juu yake. Boliti ndefu zikazwe kwa hatua hadi kati ya Nm 31 na 39. Nyumba ya rota iliyochubuka kromu haina ukarabati wa huku. Iagizwe nyingine, la sivyo sili mpya zitamalizwa na ukuta wa zamani. Kisha kilomita 1,500 za kwanza usivuke mizunguko 4,000 kwa dakika.

Wapo wanaoona njia ya mkato ni kung'oa rotari na kufunga injini ya Toyota. Siwakatazi, gari ni lao. Ila wapige hesabu ya giaboksi, propela shafti, waya, maunti, na mabadiliko ya kadi, wailinganishe na bei ya koili nne, plagi nne na oili. Mara nyingi ndivyo vilivyokuwa vinahitajika.

Kwa anayetaka kununua, usilinunue likiwa la baridi. Endesha dakika 20, lizime, liache dakika 10 kivulini boneti ikiwa imefungwa, halafu washa bila kugusa pedali ya petroli. Likishika ndani ya sekunde mbili tatu, kaeni mzungumze bei. Stata ikizunguka na kuzunguka, sili zimechoka, na bei iwe ya bodi tupu. Muuzaji akikuambia gari limeshapoa na hakuna haja ya kusubiri, subiri hizo dakika 10.

Fundi injini,
Tabora.